Hodi ya Serikali

Nilipopelekwa Garsen nilikuwa na miaka ishirini na minne, cheti kipya cha afya ya umma, na kadi moja ngumu ya serikali iliyonipa haki ya kuingia na kukagua mahali popote panapouzwa chakula kwa leseni, mradi wakati uwe wa kufaa. Kadi ile niliipenda kuliko nilivyompenda mtu yeyote wakati huo. Niliivaa shingoni hata Jumapili, mpaka mama yangu kule kijijini Wema akaniuliza kama nakusudia kumkagua mchungaji.

Watu wa Garsen hawakuiona kadi. Walimwona binti wa Wema, mtoto wa watu wanaojulikana, aliyekwenda shule miaka yote ile akarudi kuchungulia mashimo. Wakaniita daktari wa vyoo. Nilikasirika mwezi wa kwanza, kisha nikazoea, maana kusema kweli vyoo vilikuwa sehemu kubwa ya kazi. Ulikuwa mwaka uliofuata ile mvua iliyoutoa mto Tana kwenye kingo zake. Vyoo vilikuwa vimejaa, visima vimeingia matope, na ofisini kila mtu aliogopa kulitaja neno kipindupindu kwa sauti, kama vile litasikia liitike. Amri ikatoka juu: hoteli yoyote haipewi leseni mpya kabla haijakaguliwa chumba kwa chumba.

Ofisini tulikuwa wawili. Mkuu wangu alikuwa mtu wa bara aliyekaa huku siku nyingi hata akajifunza kulala baada ya chakula cha mchana kama mwenyeji. Alikuwa mpole, mvivu wa heshima, na mapenzi yake makubwa duniani yalikuwa chai. Asubuhi moja alinisukumia karatasi mezani kwa kidole kimoja, kama mtu anayesukuma sahani ambayo hataki kuimaliza.

Ilikuwa imechanwa kwenye daftari la mistari. Herufi zote zilikuwa kubwa, za penseli, kila moja imekandamizwa mpaka ikatokeza upande wa pili. Iliandikwa: BWANA AFYA. HOTELI YA NJIA PANDA. JIKO MNAONA MBELE SIO JIKO. JIKO YA KWELI IKO NYUMA. KUJENI MUONE.

Hapakuwa na jina.

"Hii utaishughulikia wewe," alisema mkuu wangu.

"Kwa nini mimi?"

"Mimi na mzee wa hoteli ile tunajuana mno."

"Mnajuana vipi?"

Alitazama dirishani. "Nakunywa chai yake."

Chai hiyo hakuinywa peke yake. Hoteli ya njia panda ilikuwa pale barabara ya Lamu inapoachana na ile ya Garissa, na kila aliyesubiri gari aliingia. Wafugaji Waorma walisimamisha fimbo zao ukutani, wakulima wetu wa Kipokomo wakaweka magunia yao mlangoni, na maofisa wa serikali wakakaa meza ya ndani, ile yenye kitambaa. Chai ilikuwa ya maziwa matupu, yenye harufu ya moshi ndani yake, harufu ya kibuyu kilichofukizwa vizuri. Na chapati zake, Mungu anisamehe, zilikuwa nzuri kuliko za mama yangu.

Mwenye hoteli alikuwa mzee wa Kipini aliyefanya kazi ya ukarani wa mahakama miaka thelathini kabla ya kustaafu. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi na miwani iliyofungwa uzi mweusi nyuma ya kichwa. Alikuwa mtu wa karatasi. Watu walimletea barua za serikali awasomee, naye aliwasomea na kuwaonyesha makosa ya serikali humo ndani, bila malipo.

Nilikwenda Jumatatu asubuhi.

"Hodi!"

"Karibu. Ndoo, mwanangu, keti," alisema kwa lafudhi yake ya Kipini, jirani ya Kiamu cha Lamu, ambayo njoo huiita ndoo. "Chai?"

"Shikamoo, baba. Leo sikuja kwa chai. Nimekuja kukagua."

Alitabasamu kama mtu aliyeletewa zawadi. Alifuta miwani kwa pindo la kanzu, akanyoosha mkono. Nilivua kadi shingoni nikampa. Aliisoma mbele, akaigeuza akasoma nyuma, ambako hapakuwa na neno, akarudi mbele.

"Haina muhuri," alisema.

"Ina saini."

"Saini ni mkono wa mtu. Muhuri ndio mkono wa serikali. Mimi nikikuruhusu leo bila muhuri, kesho atakuja mwizi na kadi nzuri kuliko yako. Nitamwambia nini?"

Nilitazama kadi yangu. Miezi mitatu nilikuwa nayo shingoni, na sikuwa nimeona kwamba haina muhuri. Mfugaji mmoja aliyekuwa akinywa chai karibu na mlango alimwambia, "Wewe mzee, wacha mtoto ikunywe chai iende." Nikanywa chai, nikaenda.

Mkuu wangu alinigongea muhuri kwa wino mwingi hata jina langu likafunikwa nusu. Nikarudi nafasi ilipopatikana, nikiwa na haraka, bila kufikiri ni siku gani. Ilikuwa Ijumaa, saa sita na nusu. Mzee alikuwa amekwisha kutoa viti nje, anafunga dirisha la mbele.

"Muhuri huu hapa," nilisema.

"Naam, nauona. Ni muhuri mzuri. Sheria yako yasema waingia wakati gani?"

"Wakati wa kufaa."

"Na huu wafaa?"

Adhana ilikuwa ikisikika. Alinipa mkono kwa adabu kubwa, akaelekea msikitini na wateja wake wote nyuma yake, na mimi nikabaki kizingitini na kadi yangu yenye muhuri, nikisalimiana na mbuzi.

Mara ya tatu nilichagua Jumanne, saa nne asubuhi, wakati ambao hata yeye hakuweza kuutia doa. Alinikaribisha kwa mikono miwili. Nilikagua meza na pipa la maji lenye bomba na mfuniko. Nikatazama vyeti vya afya vya wahudumu, nikaenda nyuma ya uzio kuona choo, ambacho kilikuwa kimechimbwa upya na kupakwa chokaa. Mwisho nikaliendea jiko lililokuwa pembeni ya chumba cha mbele. Lilikuwa la makaa, limesuguliwa, na juu yake kulikuwa na birika lililong'aa hata nikajiona sura yangu ndani, imerefuka, na kadi chini ya kidevu.

Hapo ndipo mlango wa nyuma ulipofunguka kidogo. Mkono wa mwanamke wenye bangili za fedha ukatokea na sinia la chapati za moto, mhudumu akalipokea, mlango ukafungwa.

Nilitazama jiko la mbele. Hapakuwa na kikaango. Hapakuwa na unga. Palikuwa na birika tu, na ndani ya birika, nilipolifunua, mlikuwa na maji ya kunawia mikono.

"Baba," nilisema, "naomba kuona kule."

"Kule ni nyumbani kwangu."

"Lakini chakula kinatoka kule."

"Na maji ya kunywa yatoka mtoni. Utakwenda kumkagua mamba?"

Hoteli nzima ilicheka. Mzee aliinua mkono kuwanyamazisha, maana hakupenda sheria ichekwe. Akatungua leseni yake ukutani, akapuliza vumbi, akanisomea. Leseni ilitaja chumba kimoja chenye mlango wa mbele. Haikutaja chumba kingine.

"Sheria imekupa mlango huo ulioingilia," aliniambia. "Huu wa nyuma haikukupa. Nyuma ya huu yupo mke wangu. Wakaguzi wote waliokutangulia walifika hapa, wakageuka."

Nilirudi ofisini nikiwa na moto kichwani. Mkuu wangu alinisikiliza mpaka mwisho, miguu iko juu ya sanduku la dawa ya maji.

"Ana haki?" nilimwuliza.

"Ana nusu. Mlango wa hoteli ni wako. Mlango wa nyumba ni wa hakimu. Nenda ukamwombe hakimu."

"Na wewe miaka yote hii hukuuliza chapati zinapikwa wapi?"

"Niliuliza," alisema. "Niliuliza kama zimebaki."

Kwenda Hola wakati ule hakukuwa jambo la kujiamkia tu. Njia ilikuwa imeliwa na maji, na magari yalitembea kwa msafara, polisi mbele na polisi nyuma, kwa sababu ya majambazi. Nilipata nafasi katika gari la hospitali lililokuwa likipeleka chanjo, nikakaa siku mbili Hola kwa binamu yangu, na siku ya tatu nikasimama mbele ya hakimu. Alikuwa kijana bado, jasho linamtoka, mafaili yamemzunguka kama ukuta.

"Una sababu gani ya kutaka kuingia nyumba ya mtu?"

"Chapati, mheshimiwa."

Akainua kichwa.

Nilimweleza: chumba cha mbele hakina kikaango wala unga, lakini chapati zinatoka, na samaki wanatoka, na wali. Kwa hiyo jiko lipo, na kama lipo linapikia umma, na kama linapikia umma mimi nina wajibu nalo. Nilikuwa nimeyakariri maneno hayo njia nzima. Akauliza hoteli ni ya nani. Nilipomwambia, aliweka kalamu chini.

"Yule mzee alikuwa karani hapa nilipoanza kazi," alisema. "Uamuzi wangu wa kwanza aliurudisha mezani kwangu mara tatu kwa sababu ya nukta."

Akachukua karatasi mpya. Aliandika, akasoma, akaichana. Akaandika tena, akaichana. Ya tatu aliisoma kwa midomo, taratibu, akaikunja na kunipa kwa mikono miwili. Nilijua hakuiandika kwa ajili yangu.

Siku niliyorudi hoteli ya njia panda na kibali kile, mkuu wangu alifuatana nami, akasema ni kwa ajili ya uzito. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza yenye kitambaa, akaagiza chai. Mzee alikipokea kibali akakisoma amesimama, kidole kinatembea chini ya mistari. Wateja waliacha kutafuna. Alipofika mwisho, uso wake ulikuwa na fahari, kama ya mwalimu aliyeletewa daftari safi.

"Ameandika vizuri," alisema polepole. "Siku zile alikuwa hajui kuweka nukta." Akatoa ufunguo mfukoni. "Sheria imebisha hodi. Ingia, mwanangu."

Mkuu wangu akainuka.

"La, bwana," mzee alimwambia. "Karatasi imetaja ofisa mmoja, naye ni huyu binti."

Mkuu wangu alikaa kwa furaha isiyofichika.

Nilipita mlangoni, ukafungwa nyuma yangu, na kitu cha kwanza nilichokutana nacho kilikuwa moshi. Macho yaliniwasha hata nikasimama kama kipofu. Moshi ulipopungua niliona banda la mabati lenye mafiga matatu, kikaango kipana, na pipa la maji lisilo na mfuniko. Bati moja la juu lilikuwa na tundu, na chini ya tundu mtu alikuwa ameweka sufuria kuukinga unga na mvua. Ukutani vilining'inia vibuyu vya maziwa, vimepangwa kwa ukubwa. Katikati ya yote hayo alisimama mwanamke mrefu wa Kiorma, umri wa mama yangu, macho mekundu kwa moshi, unga mpaka kwenye viwiko.

Alinitazama kutoka viatu hadi kadi.

"Wewe ndiyo serikali?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona wewe nakawia hivi? Mimi nangoja wewe wiki tatu!"

Nilidhani sikusikia vizuri. "Ulijuaje kwamba nitakuja?"

"Barua si ilifika?"

Nilimwangalia. Yeye aliendelea kusukuma chapati, kwa sababu chapati hazingoji serikali. Nikamwambia ilifika, na nikamweleza yaliyonipata: muhuri, Ijumaa, leseni ya chumba kimoja, msafara, siku mbili Hola, karatasi tatu za hakimu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaelekeza kijiti cha kusukumia chapati upande wa pili wa banda. Kulikuwa na uzio wa makuti, na katika uzio huo mlango mdogo, wazi, kuku wawili wanaingia.

"Ile mlango iko wazi siku yote," alisema. "Wanawake yote ya Garsen wanapita pale kunisalimia. Wewe si mwanamke? Ungekuja useme hodi, mimi ningesema karibu. Kusalimu mtu pia inataka karatasi ya Hola?"

Nimewahi kuaibishwa na watu wengi katika kazi hii, wengine wakubwa, wengine na panga mkononi. Hakuna aliyenimaliza kama mama yule, naye alisema bila ubaya wowote, akinipa kigoda nikae. Nilikaa na kibali changu mapajani. Hakika sikuwahi kuifikiria njia ile. Nilipewa haki ya kuingia, nikasahau kwamba ninajua pia kukaribishwa.

"Sasa toa kitabu," akaniambia. "Andika."

Nikatoa kitabu cha notisi.

"Andika moshi. Mimi nataka dohani, itoke juu. Andika bati. Andika pipa haina mfuniko. Andika hapa chini, mafuriko ilipasua, mguu yangu inaingia. Andika dirisha, iko wapi? Hakuna. Andika hakuna."

Niliandika. Mambo yalifika saba. Matano alinitajia yeye, moja niliona mwenyewe, nalo ni meza iliyooza mguu. La saba lilikuwa vibuyu. Shuleni tulifundishwa kwamba chombo kisichosafishika ndani kwa brashi na sabuni hakifai kwa maziwa. Nilipoandika hilo alinitazama kwa namna mpya. Nilihisi nimekosea, lakini nilikuwa nimekwisha kuandika.

"Kwa nini hukumwambia mzee mwenyewe?" nilimwuliza.

"Nimemwambia miaka tano. Anasema inshallah. Mimi nikisema hasikii. Karatasi ikisema, anasimama wima." Akageuza chapati. "Basi nikaenda ngumbaru, pale shuleni, jioni mbili kwa wiki. Yeye anajua naenda kwa dada yangu. Miaka miwili nimejifunza. Barua ya kwanza niliandika ni hiyo yako."

Nilirudi mbele nikamkabidhi mzee notisi: mambo saba, siku ishirini na moja. Aliyasoma moja baada ya jingine, hakupinga, akatia saini mahali pa kupokelea.

"Sheria haitakuruhusu kunambia ni nani aliyenishtaki," alisema.

"Hairuhusu, baba."

"Vyema. Sikuulizi."

Lakini kutouliza si kutofikiri. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na hoteli nyingine, ya mwanamume mmoja mnyenyekevu mwenye biashara ndogo ya maharagwe. Mzee akajihukumia mwenyewe kwamba mshtaki ni yule. Ijumaa iliyofuata hakumpa mkono msikitini. Jumamosi yule jirani alipeleka salamu, hazikujibiwa. Jumatatu akaja ofisini kwetu karibu alie, akituuliza amemkosea nini mzee wake, na kama tunajua. Tulijua. Tulitazama dari.

Safari hii nilipita mlango wa uzio. Nilisema hodi, nikaambiwa karibu, nikamweleza mama yule jinsi jirani anavyoumia. Aliendelea kukuna nazi.

"Niletee barua yangu," alisema mwishowe.

Mkuu wangu alifungua faili akaitoa bila kubishana. Alisema mwenye barua akiitaka ni yake, na kama kuna sheria nyingine hakutaka kuikumbuka.

Tulichagua alasiri, wateja wakiwa wametoka. Mzee alikuwa akifuta meza. Mlango wa nyuma ukafunguka na mkewe akaingia chumba cha mbele, jambo ambalo wahudumu waliniambia baadaye hawajapata kuliona. Alitandaza ile karatasi mezani mbele ya mumewe.

"Mwache yule mtu wa maharagwe," alisema. "Hii ni mkono yangu."

Mzee alicheka kidogo, cheko la mtu anayetaniwa. Mkewe hakucheka. Alichukua penseli niliyokuwa nayo, akainama, na pembeni ya karatasi, ulimi umetokeza kidogo mdomoni, akaandika herufi nne kubwa: JIKO. Akaiweka penseli chini.

Mzee aliketi. Alitazama neno lile, kisha barua, kisha neno.

"Miaka thelathini nimewaandikia watu," alisema, sijui alikuwa akimwambia nani. "Wezi wa ng'ombe. Watu waliogombea mipaka ya mashamba. Waliouana. Wote niliwaandikia. Huyu hakuniomba hata barua moja."

"Wewe hukuuliza kama mimi iko na barua," mkewe alijibu.

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Alipoivaa tena, alivuta barua karibu na kuisoma yote, kidole chini ya mstari, kama alivyosoma kibali cha hakimu.

"Umeandika vizuri," alisema. Nilimwona akipigana na nafsi yake, na nikaona akishindwa. "Lakini ni jiko *la* kweli. Si jiko *ya* kweli."

"Serikali ilielewa?"

"Ilielewa."

"Basi."

Mimi nilicheka kwanza, Mungu anisamehe, kisha mama yule, kisha mzee mwenyewe, kicheko chenye machozi ndani. Baada ya hapo aliinuka, akarekebisha kofia yake, akavuka barabara kwenda hoteli ya maharagwe. Hatukusikia alichosema. Tuliona tu yule jirani akitoka nje na kiti, akimfutia kwa mkono wake.

Dohani ilijengwa katika wiki ya pili, na fundi alikatazwa kuondoka mpaka mama yule awashe moto na kuona moshi unakwenda wapi. Dirisha lilikatwa kuelekea mtoni. Sakafu ikasakafiwa, pipa likapata mfuniko, bati likabadilishwa, meza ikatupwa. Mambo sita kati ya saba yalikamilika kabla ya siku kuisha. La saba lilikatiwa rufaa.

Rufaa ilikuwa na kurasa tatu, kwa mwandiko wa mzee, na chini yake mkewe alikuwa ametia saini kwa herufi kubwa. Ilieleza jinsi kibuyu kinavyosuguliwa kwa kijinga cha moto cha mti maalumu, jinsi moshi unavyokausha na kuua harufu, na kwamba mama wa mama zake walifanya hivyo na hawakufa kwa maziwa. Iliomba ofisa mwandamizi aje ajionee. Mkuu wangu hakupata kufanya kazi kwa bidii kama siku ile. Alifika mapema. Aliomba ruhusa mlangoni, mzee akamwuliza mkewe, mkewe akajifunika vizuri akasema aingie. Akaonyeshwa kibuyu kikifukizwa, akanusa, akaona maziwa yakichemshwa mpaka yakafura mara mbili. Kisha akanywa kikombe, akasema ushahidi haujatosha, akanywa cha pili. Baada ya cha tatu aliamua kwamba vibuyu vibaki, mradi maziwa yachemshwe, na akaniagiza niandike hivyo. Niliandika. Nilikuwa nimeshindwa kwa haki, na chai ilikuwa bado moto.

Leseni mpya ilitaja chumba cha mbele, jiko la nyuma na ua. Wiki iliyofuata nilipita uzioni kwa salamu tu, bila kitabu. Mwanga wa dirisha ulikuwa umeanguka mpaka kwenye mafiga, na nilimwona mama yule kwa mara ya kwanza bila macho mekundu. Mzee alikuwa humo ndani, ameketi kwenye kigoda cha chini, kanzu imekunjwa mapajani, anamenya vitunguu vibaya sana. Aliniambia jiko sasa limo katika leseni, kwa hiyo mwenye leseni hana budi kujua kinachofanyika humo.

"Anajua nini?" mkewe aliniuliza. "Mwangalie. Anatupa nusu ya kitunguu."

Mzee alikiri kosa, akaomba kitunguu kingine. Mkewe akamchagulia kikubwa.